Kanuni ya Tisa

Ott Raudmäe aliitunga lugha hii akiwa na homa,
kitanda cha kumi na nne, zahanati ya jeshi, Võru,
Januari ambayo hata wauguzi walivaa kofia ndani.
Alama sita tu: nukta, mkato, nyota,
mabano mawili yanayotazamana kama wakwe wasiosemezana,
na mstari wa wima aliouita mlango.
Tarakimu hazimo. Ukitaka saba
sema moja, na moja, na moja, hadi ulimi ufe ganzi:
haba na haba, ila kibaba chenyewe kimetoboka,
maana amri ikitumika mara tatu hulala
na haiamki
mpaka amri nyingine iufungue mlango.

Nani atazungumza lugha kama hiyo?
Hakuna. Ndiyo maana nikaitaka.

Miaka kumi na moja baadaye akanipa karatasi mbili:
moja kanuni, nyingine programu,
programu isiyowahi kuendeshwa na chochote
isipokuwa kichwa chake, kwa nyuzijoto thelathini na tisa.
"Virve," akasema, "wewe usingizi huna. Iandikie mkalimani."
Kisha akapanda basi la Riga,
safari ya Antwerp, kufunga milango ya watu.

Basi nikaandika.
Ghorofa ya saba, Annelinn, bomba la joto linagugumia,
nje nyuzi kumi na tisa chini ya sifuri,
na mto Emajõgi umefumba mdomo.
Mkalimani wa watu husikia sentensi nzima ndipo aseme;
wangu husoma alama moja, huitii, huisahau.
Nikampa visanduku mia tatu vya kumbukumbu
na kidole kimoja cha kuvionyeshea.
Nikamfundisha kitanzi, kile kisichonyonga:
ukifika kwenye bano, na kisanduku si kitupu,
rudi ulikotoka.
Usiku wa tatu akarudi, na kurudi, na kurudi,
feni ikalia kama nzi ndani ya chupa,
nami nimelala kifudifudi juu ya kibodi,
skrini imejaa jjjjjjjjj,
lugha nyingine kabisa, ya shavu langu.

Kosa lilikuwa langu. Nilizilaza amri zote
nikasahau kuacha hata moja ya kuziamsha wenzake.

Kanuni ya kwanza hadi ya nane, sawa.
Ya tisa ina duara la chai.
Juu ya duara yanasomeka maneno matatu,
*kidole huanza kwenye*,
halafu rangi ya kahawia.

Nikajaribu kisanduku cha kwanza.
Mashine ikanyamaza
kwa namna ambayo mtu angeiita kufikiri,
kisha ikatoa: töö.
Kazi.
Nikajaribu cha pili.
öö.
Usiku.
Herufi moja tu inayatenga maneno hayo
katika lugha ya mama yangu,
ambaye kwa miaka thelathini, kwenye kiwanda cha mkate,
hakuwahi kuyatenga.

Nikampigia Ott. Kwake ilikuwa saa kumi ya alfajiri.
"Ulimaanisha lipi?"
Kimya. Kikohozi. Sauti ya mwanamke chumbani
ikiuliza kwa Kiflemi ni nani huyo.
"Sikumbuki," akasema. "Nilikuwa na homa, Virve.
Na chai ile… nadhani niliimwaga makusudi."

Mistari mia mbili na kumi iko tayari,
umebaki mmoja.
Saa kumi na mbili kasoro robo litapita basi la kwanza,
na unga unaningoja, magunia ya kilo hamsini
yasiyojua nukta wala nyota,
kiwanda kilekile, ndoano ileile ya koti.

Nikaandika: kidole huanza kwenye kisanduku cha pili.
Nikahifadhi. Nikatafuta buti la kushoto.
Ile t imebaki kule mwanzo, ndani ya kisanduku chake,
haijafutwa, haisomwi,
nami nateremka ngazi, ghorofa baada ya ghorofa,
kuifuata.